Kibao cha Mbuzi Ndani ya Kabati la Kioo

Naandika haya uso bado unawaka. Chuo chetu hapa Ilala kina makubaliano na jumba dogo la makumbusho: wanafunzi tunajitolea kule, tunapewa maksi, na bila maksi hizo cheti hakuna. Mimi nilipewa kazi ya kusafisha na kuandikia maelezo vyombo vya nyumbani vilivyotolewa na familia za Kariakoo.

Kazi yenyewe nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kwa hiyo kuuliza niliona aibu. Nilipokuta kibao cha mbuzi kimeegemea ukuta karibu na masanduku ya vyombo hivyo, sikumuuliza mtu. Nilikisugua kwa mswaki siku nzima, nikakipa namba, nikakiweka peke yake kwenye kabati la kioo, taa juu.

Siku ya kupimwa, mwalimu alisimama mbele ya kabati, kalamu mkononi.

"Hiki umekitendea haki," akasema.

Kichwa kikavimba. Nikaanza kumweleza umri wa kibao kwa kuusoma ufa wa mbao.

Mara akaingia Mama Zuhura, anayetupikia chakula cha mchana, ameshika nusu ya nazi kila mkono.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Tangu juzi natafuta kibao changu, leo mtakula wali mkavu..."

Akasogelea kioo, akasoma kwa sauti: "'Kilitumiwa na mwanamke wa zamani, ambaye jina lake halijulikani.'"

Akanigeukia.

"Haya, mwanangu. Mimi naitwa nani?"