Bi Vipimo na Mkono Ulioshika Hewa

Wapakiaji wa ghala la dawa walimbatiza jina la Bi Vipimo kwa sababu hawakuwahi kumwona bila futi mkononi. Hakukasirika, angalau kulikuwa na wa kumwita. Wenzake wawili walioandika naye programu ya mtambo walishahamia mji mwingine, akabaki yeye na toroli la umeme lenye mkono wa chuma, kwenye kona iliyozungushiwa utepe wa njano ambao hakuna aliyeuvuka.

Toroli likisimama, mkono uliokota boksi bila taabu. Likitembea, ulishika hewa, upana wa kiganja kizima pembeni mwa boksi. Wiki tatu alipima nguzo ya kamera iliyouongoza mkono, akakaza skrubu, akapima tena. Msimamizi akamweleza kistaarabu kwamba Ijumaa mtambo unarudishwa ulikotoka.

Alhamisi aliweka futi chini, akaisoma programu upya mstari kwa mstari. Kompyuta ilijua kila kifaa kimekaa wapi juu ya kile kinachokibeba: kamera juu ya nguzo, nguzo juu ya toroli, toroli juu ya sakafu. Ukiiuliza boksi liko wapi, huviunganisha vipimo hivyo kimoja baada ya kingine. Tena ilitunza kumbukumbu za sekunde kumi zilizopita. Kumbe kosa lilikuwa kwenye swali lake. Picha ilipigwa nusu sekunde nyuma, naye akiuliza kamera iko wapi sasa hivi. Akabadili mstari mmoja: ilikuwa wapi picha ilipopigwa?

Mkono ukalinyanyua boksi toroli likiwa mwendoni.

Akageuka. Wapakiaji wote walikuwa wameenda kula. Akampigia dada yake.

“Imekubali, dada.”

“Nini imekubali?”

Alipoanza kueleza, watoto wa dada walikuwa wakigombana huko nyuma. Dada akamwomba radhi, atapiga baadaye. Hakupiga.

Alasiri msimamizi alitazama maboksi matatu yakiokotwa, akatikisa kichwa kukubali, akafuta safari ya Ijumaa. Basi.

Jioni mpakiaji mmoja, mama wa makamo, aliinama akapita chini ya utepe. “Hebu nieleze, mwanangu. Ulikuwa umekosea wapi?”

 Bi Vipimo akamsogezea kiti, akaanza kueleza kuanzia sakafu, kisha toroli. Alikuwa amefika kwenye nguzo gari la wafanyakazi lilipopiga honi. Yule mama akasimama, akamgusa bega, akaondoka.

Bi Vipimo alizima mtambo, akabaki amekaa.