Maandishi Ndani ya Bawa

Kwa miaka ishirini na mitano Firmin Cazalbou aliwafundisha vijana wa chuo kimoja cha ufundi mjini Toulouse jinsi ilivyoundwa ile ndege ya abiria iliyoupita mwendo wa sauti. Alikuwa mkali, na kwa usafi alikuwa kero.

"Angani bati lilipata joto kali, ndege nzima ikarefuka shibiri hivi," angesema. "Ukiacha uchafu ndani ya bawa, uchafu huo utalila bati. Kwa hiyo?"

"Hakibaki kitu," walimjibu kwa pamoja, wamechoka.

Kipande cha bawa kilichokuwa katika karakana ya chuo kilikuwa cha majaribio. Firmin mwenyewe alikipiga ribiti, misumari ya kuunganisha mabati, kiwandani mwaka 1968, yeye nje na bunduki ya ribiti, fundi mwenzake Odile ndani ameshikilia chuma cha kuzikinga. Siku ya kukifunga, aliingiza kichwa tunduni akamwuliza kama angekubali kuolewa naye. Kelele zilizidi, Odile akachukua kalamu ya nta ya buluu, akaandika ndani ya bawa, akatoka akicheka.

"Nimeshakujibu. Funga kifuniko."

"Umeandika nini?"

"Kasome siku ukistaafu."

Walioana mwezi uliofuata, na kwa miaka arobaini na moja Odile alikataa katakata kumwambia, naye Firmin hakukifungua kabla ya siku aliyoambiwa. Kisha akafa. Nyumba ikawa kimya, chakula hakina ladha, na Firmin akabaki na jambo moja tu la kungojea.

Siku ya somo lake la mwisho alikuja na bisibisi mfukoni. Akakuta kifuniko kimeshafunguliwa, wanafunzi wamejipanga, mwenzao Maylis mbele na kitambaa mkononi.

"Tumekuwahi, Mwalimu. Tumesafisha mpaka ndani kabisa. Leo hupati pa kutugombeza."

Firmin akaingiza mkono. Bati lilikuwa baridi, linanuka dawa ya kusafishia.

"Kulikuwa na maandishi humu. Ya buluu."

"Yalikuwepo, mistari mitatu hivi," Maylis akasema, bado anatabasamu. "Bastien kayafuta."

"Yalisemaje?"

Maylis akamtazama Bastien. Bastien akajibu akitazama viatu vyake:

"Hatukusoma, Mwalimu. Si ulisema hakibaki kitu?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata hasira hakuwa na pa kuipeleka, maana walikuwa wamefanya kama alivyowafundisha. Mzee akautoa mkono, akautazama. Haukuwa na hata doa la buluu.

Akafungua daftari la alama, akawaandikia wote ishirini juu ya ishirini, alama ambayo hakuwahi kumpa mtu.