Paja la Mfungaji

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili niliyobeba paja la ng'ombe begani kutoka uwanja wa shule mpaka ng'ambo ya korongo, mbwa watatu wakinifuata kama walinzi wa waziri. Niliikumbuka juzi ulipokuja kwangu kuangalia mpira. Timu ya taifa ilikuwa inacheza, ile ya wachezaji wa ligi yetu ya ndani tu, nawe ukajinyoosha kwenye kochi ukasema, "Babu, hawa ni wa kujazia nafasi. Wakali wetu wako nje." Mzee Margwe alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai. Akanitazama, akacheka peke yake. Ulidhani anacheka mpira. Alikuwa ananicheka mimi.

Unajua mimi si mtu wa safari. Wazungu wanavuka bahari kuja kuona kreta ya Ngorongoro. Mimi mzaliwa wa hapa Daa, jirani yake, nimeshuka mle mara moja tu, na nilitapika njia nzima. Mpira nao sikuujua. Lakini nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko wa kuvutia, basi vijana wenzangu wakanifanya katibu wa timu. Margwe alikuwa beki wa kushoto. Tulikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, na kwao nilikuwa nakula bila kukaribishwa.

Mwaka mmoja tukaingia fainali ya vijiji na Mang'ola, zawadi ikiwa dume la ng'ombe. Wiki moja kabla, nikatumwa Arusha kununua mpira mpya. Nilikaa siku mbili tu, nikarudi natembea kama mtu aliyesomea Ulaya. Nilikuwa nimeona vijana wa mjini wakicheza, viatu vya njumu, soksi zinafanana. Nikawashawishi watatu waje kutuchezea kwa ahadi ya kula nyama. Mamluki, tuwaite kwa jina lao. Kapteni wetu alisita, nikamwuliza, "Wewe unataka ng'ombe au unataka ujirani?" Akakubali. Nikajiona nimesema neno.

Watatu wakiingia, watatu lazima watoke, na Margwe alikuwa mmoja wao. Ilinipasa kwenda kumwambia. Kutoka kwetu mpaka kwao ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Sikwenda. Asubuhi ya fainali nilibandika orodha kwenye mlango wa darasa, kisha nikajificha ofisini kwa mwalimu, najifanya napuliza mpira.

Margwe alikuja na mama yake, raba zikining'inia shingoni. Nilimsikia akisoma majina mpaka mwisho, kisha akaanza tena kutoka juu. Halafu akachungulia dirishani.

"Katibu," akasema, "una mwandiko mzuri."

Basi. Mama yake alirudi nyumbani. Yeye alivaa raba zake, akaenda kusimama ukingoni mwa korongo. Uwanja ule umeinama upande huo; mpira ukitoka, unaporomoka mpaka kwenye miiba. Wageni wangu hawakulijua hilo, wakawa wanautoa kila mara. Mchana kutwa Margwe alishuka na kupanda, akiurudisha, amegeuka rangi ya vumbi. Mpira mmoja alioutoa huko mbio mbio ulirushwa uwanjani kabla Mang'ola hawajajipanga, kijana wa mjini akafunga. Tukashinda moja bila.

Jioni dume likachinjwa. Mzee Bura, aliyekuwa akigawa nyama, akainua paja moja.

"Hili la mfungaji. Yuko wapi mama yake nimkabidhi?"

Watu wakatazamana. Mama yake alikuwa Arusha, hajui hata Daa iko upande gani. Mfungaji mwenyewe na wenzake walikwisha kudandia lori la vitunguu, mgao wao wa mbavu mkononi.

"Mzee, si tumeshinda?" nikasema.

"Mmeshinda akina nani?" akauliza, bila hasira hata kidogo. "Mpelekee yule aliyekuwa anapanda korongo. Ulibebe mwenyewe. Na baiskeli yako uiache hapa."

Damu ilinitiririkia mpaka kwenye shati langu jeupe la ukatibu. Nilimkuta Margwe anakamua ng'ombe. Nilitaka kusema samahani, mdomo ukatoa "hongera." Hakusimama. Aliita tu kuelekea jikoni, "Mama, weka kigoda nje. Kuna mgeni kaleta nyama."

Mgeni! Mimi niliyejua sufuria yao ya maziwa inafichwa wapi! Nikakalishwa uani kama mkaguzi wa shule, nikaletewa chai, nikashukuru kwa adabu. Ile chai, mwanangu, ilikuwa na sukari ya kutosha na bado niliiona chungu.

Msimu uliofuata nilikwenda kwao kusema samahani kabla sijaandika jina la mtu yeyote. Akarudi kucheza. Mang'ola walitufunga matatu, na watu wa Daa wakaimba njia nzima ya kurudi nyumbani, mama yake Margwe akiwa mbele. Ila yeye hakuacha kuniita Mgeni. Mpaka leo, siku timu hii ya ndani inapocheza, husimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Mgeni, umeshawasha?" Hajakosa mechi yao hata moja.

Sikukatazi kuwashangilia walioko nje. Ni wetu, na wakija tuwapokee. Ninalokuambia ni hili: kabla hujasema nyumbani hakuna watu, inuka ukabishe hodi uhakikishe. Na siku ikikulazimu kumwacha mtu, mwambie usoni, usiitume karatasi. Ukikosea, nenda ukiri siku hiyo hiyo, kwa neno lenyewe la samahani. Mimi nilichelewa mwaka mzima, na unaona ninavyoitwa.

Jumamosi wanacheza tena. Njoo, lakini kochi umwachie Mzee Margwe. Nakuombea kwa Mungu upate rafiki wa kukushukia korongoni hata siku uliyomsahau, na Mungu akupe miguu ya kufika kwa huyo rafiki mapema, naye akuingize ndani, asikuwekee kigoda nje.