Shikamoo Isiyosubiri Marahaba

Juzi, kwenye ofisi moja ya miche hapa Lushoto, fundi wa kompyuta alimwonyesha mama mtunza kumbukumbu skripti, yaani programu fupi, aliyoiandika. Kila jioni inatuma toleo jipya la orodha ya miche kwenye seva iliyoko Tanga, kisha inaandika "Tayari".

"Hiyo 'Tayari' inatoka Tanga?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nimeiandika mimi."

"Na Tanga wanajibu nini?"

"Jibu silichukui."

Mama akavua miwani. "Mwanangu, unatoa shikamoo na kupita bila kusubiri marahaba?"

Fundi akaongeza mstari wa kuhifadhi jibu, akaiendesha tena skripti. Jibu likaja: "Imekataliwa." Toleo la mwisho kupokelewa lilikuwa la masika.

Miezi yote hiyo skripti ilijisalimia na kujiitikia yenyewe. Nazijua ofisi zinazofanya hivyohivyo, na kompyuta hazina.