Sijambo Iliyofunga Kesi

Baiskeli yangu haiendi popote. Imebanwa kwenye mashine sebuleni kwangu Kiembeni, kati ya kabati la vyombo na dirisha la uani, na jioni nikitoka kazini huipanda nikapiga pedeli mpaka taulo niliyotandika chini ilowe. Mbele yangu pana televisheni. Ndani yake mna barabara, milima, wakati mwingine hata theluji, na watu wa dunia nzima walio majumbani mwao wanapiga pedeli kama mimi. Kila mmoja ana kikaragosi chake mle ndani: ukikaza miguu nacho hukaza, ukichoka nacho hukokota. Kuna programu inayopokea nguvu zako kutoka kwenye mashine na kuzigeuza mwendo, na ndiyo hiyo programu iliyonifanyia haya ninayoyasimulia.

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Likoni alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "wajitesa yote hayo, na bado uko pale pale?"

Nilicheka, lakini yeye ndiye aliyenifungia ndani. Zamani tulikuwa kundi la wanawake tukiendesha alfajiri kutoka Kiembeni hadi Shanzu, kabla magari hayajajaa. Asubuhi moja lori lilimsukumia mwenzetu mtaroni. Hakufa, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu. Mama aliposikia alinishikisha yamini kwamba sitapanda tena baiskeli barabarani maadamu yeye yu hai. Yamini ya mama mimi sivunji. Basi hoteli ninayofanyia kazi ilipobadilisha vyombo vya chumba cha mazoezi, nikanunua mashine yao kuukuu, na barabara yangu ikawa ya kwenye kioo.

Sikuwa peke yangu. Katika lile kundi alikuwamo muuguzi mmoja wa Kisauni, Mgiriama, mcheshi, na tulipendana hata tukaacha kuitana majina tukawa tunaitana shoga. Naye alijitafutia mashine. Tukawa tunaendesha pamoja, kila mtu kwake, simu imewekwa sauti ya juu baina yetu, tukiteta watu huku tunapanda milima isiyokuwapo. Nikikumbuka jioni zile ndipo moyo huniuma zaidi.

Siku moja programu ikatangaza mashindano ya wanawake wa nchi nzima. Kutakuwa na mchujo, watakaotangulia wataingia fainali, na kwenye fainali watachaguliwa wa kuiwakilisha Kenya katika mbio za dunia, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Najua yupo atakayecheka: kuiwakilisha nchi ukiwa sebuleni, chungu kiko jikoni! Acheke. Mimi nimepita arobaini na sijapata kuchaguliwa kwa jambo lolote, si timu ya shule, si mfanyakazi bora wa mwezi. Nilitaka jina langu liwe katika orodha ile. Sikutaka kitu kingine mwaka ule.

Mchujo ulikuja baada ya programu kujisasisha. Nilianza vizuri, nikakaa katikati ya kundi kubwa kama nilivyojifunza. Tulipofika mlima wa mwisho, kikaragosi changu kikafyatuka. Nilikuwa napiga pedeli kama siku zote, pumzi juu juu, lakini mle ndani nilikuwa nawapita watu kama waliosimama. Namba ya nguvu zangu, inayoandikwa pembeni ya kioo, ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida yangu.

Na mimi, mjinga, nikafurahi. Nilidhani ni miguu yangu. Nilidhani zile jioni zote zimeiva kwa mpigo, nikapiga kelele mpaka jirani akauliza ukutani kama kuna nyoka. Kwa dakika ile fupi nilikuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote mlimani.

Kisha namba ikashuka yenyewe, nikarudi kuwa mimi. Nilimaliza ndani ya nafasi za fainali hata hivyo. Nilipofungua matokeo, pembeni ya jina langu palikuwa na alama nyekundu, na maneno: nguvu zisizo za kawaida, matokeo yamefutwa. Kila mshindani aliiona. Katika mchezo ule alama hiyo ina maana moja tu: huyu ni mwizi. Wapo wanaochezea mashine zao ili ziseme uongo, na hutiwa alama hiyo hiyo.

Aliyekuwa amekosa nafasi kwa mtu mmoja akasogea juu akachukua yangu. Alikuwa ni shoga yangu.

Hakuwa na kosa, na nilimwambia hivyo siku ile ile. Akasema, "Wewe kata rufaa, walirudishe jina lako. Mimi nitarudi nyuma, wala sitanuna." Naamini alisema kwa moyo safi. Rufaa ilikuwa moja tu kwa kila mshindani, na ilitakiwa iamuliwe kabla ya fainali.

Sasa nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyonitia uchungu maradufu. Mimi ni wa mapokezi hotelini. Nalipwa kusikiliza malalamiko. Mtu akija kuniambia maji ya moto hayatoki, simuulizi kama ana hakika ni maji. Simwambii naithamini sauti yake. Namtuma fundi. Kwa hiyo nilipobonyeza pale palipoandikwa huduma kwa wateja, ambako ndiko rufaa hupokelewa, niliingia nikiwa na imani ya mtu wa kazi moja, nikiamini upande wa pili yupo mwenzangu wa mapokezi.

Nao walikuwa wamejisifu kwamba sasa wanahudumia kwa Kiswahili. Kidirisha kikafunguka, na neno likatokea:

"Hujambo?"

Nikafurahi, wallahi. Nilishachoka kuandika Kiingereza cha kuombea haki. Nikajibu kama nilivyolelewa:

"Sijambo, alhamdulillahi. Habari za kazi?"

Nikangoja anijibu nzuri, ili nami nilete shida yangu. Ndivyo tunavyofanya sisi. Hutumbukizi shida kabla ya salamu, utaonekana hukufunzwa. Hata aliyefiwa, ukimwuliza hujambo, husema sijambo, kwema? Kwema, kisha ndipo anakwambia baba amefariki usiku. Pwani hii hakuna asiyelijua hilo, mtoto wa chekechea analijua.

Kidirisha kikajibu: "Asante kwa kuthibitisha kwamba huna jambo. Rufaa yako imefungwa. Tunakutakia safari njema."

Nilikisoma tena na tena. Huna jambo. Ile mashine ilikuwa imefunzwa Kiswahili na mtu aliyekifungua neno kwa neno kama anayechambua dagaa: hu-na-jambo, si-na-jambo. Imeniuliza kama sina tatizo, nami nimejibu sina, na nimemshukuru Mungu juu yake. Nilibonyeza kila palipobonyezeka. Pakaandikwa kwamba rufaa ya mshindani huyu imeshatumika.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko kazini, nilijificha chumba cha mizigo nikawaandikia kwa Kiingereza. Safari hii akajibu binadamu, au kitu kilichofunzwa kuomba radhi kama binadamu. Akasema anaelewa jinsi ninavyojisikia. Akaniuliza kama nimejaribu kuizima mashine na kuiwasha. Nikamweleza kwamba shida si mashine. Programu ilijisasisha, kisha ikanihesabia nguvu mara mbili, na yeye anaweza kuyaona hayo kwenye rekodi zao wenyewe. Akasema kumbukumbu zinaonyesha nilithibitisha sina tatizo, akanibandikia maneno yangu mwenyewe kama ushahidi: Sijambo, alhamdulillahi.

Nikaeleza salamu. Nilimwandikia mtu nisiyemjua, sijui yuko nchi gani, maana ya hujambo na sijambo, na desturi ya mfiwa, na heshima, mpaka vidole vikauma. Nadhani sijapata kuisifu lugha yangu kwa hasira namna ile. Akajibu kwa mstari mmoja: kwa nini ulisema huna tatizo, ilhali ulikuwa nalo?

Nilitaka kuitupa simu baharini, na bahari yenyewe iko hapo nyuma ya hoteli.

Baada ya kubishana sana akasema labda watanifikiria nikituma video nimesimama juu ya mizani, uso unaonekana, namba inaonekana, maana uzito nao huingia katika hesabu za mwendo. Nikavaa dera, nikajifunga mtandio, nikasimama juu ya mizani, shoga yangu akanipiga video. Wakaikataa. Dera ni pana, wakasema, linaweza kuficha kitu. Nijirekodi upya nikiwa na nguo za kubana.

"Kuficha nini?" shoga yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Gunia la mchele?"

Mimi sikucheka. Sikutuma video nyingine. Mtu aliyenikosea alikuwa anataka nijivue nguo ili anisikilize. Nikawaandikia hivyo hivyo bila kuremba. Wakanishukuru kwa maoni yangu. Ilikuwa kesi ya ngedere, hakimu nyani: programu iliyonishitaki ndiyo hiyo hiyo iliyonihukumu, na ndiyo iliyokaa mlangoni kuamua nani aingie kulalamika.

Katika kundi la simu la waendesha baiskeli wa Pwani watu walikuwa kimya kwa adabu. Kisha mmoja akaandika, "Lisemwalo lipo." Hakutaja mtu. Hakuna aliyemjibu, wala aliyenitetea. Niliangalia kama shoga yangu ameusoma ujumbe ule. Alikuwa ameusoma.

Jioni kabla ya fainali alinipigia. Tulizungumza habari za mvua na habari za wagonjwa wake. Nilijua kuna kitu anakizunguka, maana si kawaida yake kuzunguka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini aliyokuwa akiitumia tukiteta:

"Shoga, niambie mimi tu. Sitamwambia mtu. Uliichezea mashine?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Naweza kusema nilikasirika, lakini haikuwa hasira, ilikuwa baridi. Huyu alikuwa akisikia pumzi zangu kila jioni. Anajua mlima gani hunishinda, na wapi naanza kulaani. Kama yuko mtu duniani ambaye hakuwa na haja ya kuniuliza, ni yeye.

"Sikuichezea," nikasema.

"Basi," akasema upesi. "Basi, yameisha, nimekuamini." Kisha akaniomba dua za kesho.

Nilimwombea, na sikuomba kwa nusu mdomo. Siku ya fainali niliitazama televisheni nikiwa nimekaa kwenye kochi kama mgeni wa nyumba yangu. Kikaragosi chake kilipanda ule mlima polepole, kwa ukaidi, kama anavyopanda yeye. Hakuchaguliwa, lakini hakuaibika. Nilimtumia ujumbe wa pongezi. Akanijibu kwa mioyo mingi. Tuliendelea kuendesha pamoja baada ya hapo, mara mbili tatu, simu ikiwa katikati yetu, kisha sote wawili tukawa na mambo mengine ya kufanya jioni.

Mbio za dunia zilikwisha. Majina ya waliochaguliwa yakasahaulika hata na walioyapigia makofi. Ndipo programu ilipotangaza kwamba imegundua hitilafu katika sasisho lile, lililozipa mashine za aina fulani namba zisizo sahihi kwa muda mfupi. Hawakuandika kwamba kuna watu waliitwa wezi kwa ajili ya hitilafu hiyo. Nilifungua ukurasa wa mchujo nikakuta alama nyekundu haipo pembeni ya jina langu. Matokeo yenyewe yalibaki yamefutwa. Palikuwa na ujumbe wa Kiswahili, wa mashine ile ile bila shaka, ukisema adhabu yangu imeondolewa, na ukiniomba niwape nyota kwa huduma niliyopata.

Jumapili ile shoga yangu alikuja mpaka Kiembeni bila kupiga simu, amebeba mahamri ya moto ndani ya kikapu, ametoka kanisani moja kwa moja. Alikuwa anang'aa. Hata viatu hakuvua, alinikumbatia pale pale mlangoni, akanishika kwa nguvu nikasikia moyo wake unavyodunda.

"Nimeona!" akasema. "Alama imetoka! Bwana asifiwe, shoga yangu, wamekusamehe!"

Nikajitenga kidogo nimtazame usoni, labda anatania. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli. Miezi yote ile, basi, alikuwa ananipenda hivyo: kama mtu anavyompenda ndugu yake aliyeiba.

Ningeweza kumweleza. Ningemsomea lile tangazo la hitilafu, neno kwa neno, nikamwonyesha kwamba anayesamehewa ni aliyekosa. Lakini ingekuwa ni rufaa tena, na safari hii ningeikata mbele yake yeye, sebuleni kwangu, huku mahamri yanapoa.

"Ahsante, shoga," nikasema, nikapokea kikapu, nikaenda kubandika chai.