Viatu Namba Ishirini na Nane

Ofisini walimwita Fundi Diski, naye jina hilo alilivaa kama kofia mpya. Kazi yake ilikuwa mfumo endeshi, ile akili inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Aliutengeneza ili kompyuta itumie diski iliyo katika jengo lingine, kwa kupitia mtandao, na mtumiaji asijue kwamba vitu vyake viko mbali.

Kufanya cha mbali kionekane cha karibu, hapo ndipo alipobobea. Mkewe hajamaliza hata mwezi kaburini, yeye alimwachia mama yake binti wa miaka mitano, akaifuata kazi. Miaka saba hiyo! Matumizi alituma, hilo asinyimwe. Lakini matumizi hayamsuki mtoto nywele.

Siku hiyo Mama Kasoro, mwanamke anayejaribu kazi za wenzake, alimwita mezani. Kompyuta mbili, diski moja ya mbali. Kwenye ya kwanza alifuta "Jumatatu" akaandika "Alhamisi". Ya pili ikaendelea kusema Jumatatu, haina hata haya.

"Shemeji, mashine yako inasema uongo."

"Si uongo. Inasoma nakala iliyojiwekea. Kuiuliza diski kila mara kunachelewesha. Baada ya saa moja itauliza."

"Saa moja! Nyumba imeungua, imezimwa, majirani washarudi kulala!"

Akaona boksi kwenye kiti cha Fundi. Viatu vyekundu vya kufunga kwa kishikizo.

"Vya nani?"

"Vya binti yangu. Jumamosi naenda nyumbani."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Mama Kasoro akaingiza vidole vinne, kiatu kikajaa. Hakucheka. Hapo ndipo palipomchoma Fundi, maana mwanamke yule hucheka hata msibani.

Dukani alikovinunua aliulizwa namba, mdomo ukajibu wenyewe: ishirini na nane. Ndiyo aliyomnunulia wiki ile ya kuondoka, mtoto akakimbia koridoni huku na huko ili asikie visigino vikilia. Miaka yote Fundi alimlilia huyo wa koridoni. Huyu wa kumi na miwili hakumjua hata kikohozi.

Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Leo umekumbuka una mama?" mama yake akapokea.

"Mama, nipe mtoto."

"Hataki. Anasema Jumamosi atakwenda kwa shangazi yake."

"Basi niulizie anavaa kiatu namba ngapi."

"Mimi si tarishi wako. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Uliza mwenyewe, nimeweka spika."

"Mwanangu... unavaa namba ngapi?"

Mfuniko wa sufuria ukalia. Kisha sauti nzito kidogo, ngeni kabisa:

"Kwani hujui?"

"Sijui."

Miaka saba, na huo ndio ukweli wake wa kwanza.

"Thelathini na nane. Na visiwe vyekundu."

"Jumamosi nitakukuta?"

"Njoo uone."

Simu ikakatwa.

Fundi akarudi mezani, akaifuta ile saa moja. Sasa kila faili likifunguliwa, kompyuta iiulize diski kwanza: kuna kilichobadilika?

Mama Kasoro akajaribu. "Imekuwa nzito."

"Iache iwe nzito."

Jioni alinunua vyeusi, thelathini na nane. Vile vidogo hakuvirudisha dukani. Alivitia chini kabisa ya begi, na akaviondoa, na akavitia tena.