Nesi wa Kupima Watoto

Uongo niliousema Juba unatosha, kwa hiyo hapa sitaongeza mwingine. Nilipata kazi ya uuguzi wa jamii mwaka uliofuata uhuru wa Sudan Kusini, na kwa karibu miaka miwili hakuna mtu pale nilipoishi aliyejua ni kazi gani hasa.

Sisi tuliorudi kutoka Uganda tulikuwa na vyeti, na kazi tuliitafuta kwa udi na uvumba. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa kliniki moja katika mtaa wa Juba Na Bari, na foleni ikajaa kabla jua halijakolea. Kila mtu alitaka uzazi au chanjo, kazi ambazo ukizitaja kanisani unapigiwa makofi. Msimamizi akatoka akasema hizo zimejaa, zilizobaki ni za kuwahudumia wagonjwa wa akili majumbani mwao. Foleni ikayeyuka huku naiona. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alininong'oneza kwamba ukishinda na majnun, mwisho nawe utaokota makopo, akaenda zake. Mimi nikabaki. Si kwa moyo mwema, la. Walisema atakayefanya vizuri atapelekwa Kampala kusomea stashahada, na stashahada hiyo nilikuwa naiota.

Tulipewa vizibao vya buluu vyenye maandishi ya afya ya akili kifuani na mgongoni. Wiki ya kwanza tulifungiwa milango. Watu hawakutuchukia, waliogopa majirani: ukiingia na kizibao kile mtaa mzima unajua kuna mgonjwa, na binti wa nyumba hiyo haposwi. Basi mimi ndiye niliyetoa wazo kwamba vizibao tuvikunje, tubebe beseni za sabuni na kupiga hodi kama wachuuzi, na mlango ukishafungwa ndipo tutoe vidonge na kuzungumza. Msimamizi alinisifu mbele ya wote. Milango ikafunguka. Katika mtaa wa Buluk kulikuwa na mama aliyefungwa kamba mguuni, na baada ya miezi michache nilimkuta sokoni anakaanga samaki na kugombana na wateja kama mtu yeyote. Nilikuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wanaitikia kwa vichwa, nami najiona mwalimu hasa. Kazi niliipenda. Niliipenda na kuionea haya, yote mawili kwa pamoja.

Maana mtaani Hai Cinema, nilikopanga kwenye ua wa vyumba sita, nilisema napima watoto uzito. Aliyekaa mlango unaotazamana na wangu alikuwa Mganda mpika chapati, na mumewe aliendesha boda. Mama yule aliniamini kiasi cha kunipa mtoto wake nimbebe nikisie kilo. Nikakisia, na uso mkavu.

Desemba mapigano yalipozuka, tulijifungia ndani siku tatu. Mumewe alikuwa ametoka na pikipiki kabla ya risasi kuanza. Alirudi siku ya tatu kwa miguu, bila pikipiki na bila viatu, na alichokiona njiani hakukisema. Tangu hapo hakulala. Alifagia ua kutwa, akawajibu watu ambao hawapo. Waganda wengi walipanda mabasi kurudi kwao, lakini yeye hakutaka hata kuikaribia barabara.

Asubuhi moja mkewe akaja mlangoni kwangu. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini, mkoba uko kitandani na vidonge vimo ndani.

"Dada, mume yangu imeharibika kichwa," alisema. "Wewe iko nesi. Unajua watu wa dawa hiyo?"

Hatua tatu kutoka pale wanawake wawili wa ua walikuwa wanafua, na mikono yao ilikuwa imetulia ndani ya maji. Nilijua kabisa la kufanya. Ugonjwa ule nilikuwa nimeuona katika nyumba zaidi ya moja, na nilijua unavyotulizwa. Nikawatazama wale wanawake, nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba mimi ni wa watoto tu, mambo ya kichwa siyajui, ajaribu maombi. Na maleshi nikampa, kama mtu anayempa pole aliyepoteza kuku.

Utauliza kwa nini sikumwita baadaye faragha. Nilikusudia kumwita kesho yake. Kesho ilipofika nikaisogeza mbele, na iliyofuata vilevile.

Siku ya nne mumewe alitoka mwenyewe uani, akasimama katikati ya barabara kuyazuia magari ya askari, akiwaambia warudi, kuna watu wamelala mbele. Alipigwa, kisha akapelekwa jela, kwa kuwa mji haukuwa na pengine pa kumweka mtu wa namna yake. Wanawake wa uani walinisimulia, nami nikasema Mungu amsaidie, nikaingia chumbani nikakaa sakafuni.

Jela ilikuwa kwenye ratiba yetu ya kila Alhamisi, na pale kizibao kilikuwa lazima. Nilifikiria kujifanya mgonjwa, halafu nikaona hata mimi nina kikomo changu cha uovu. Nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umevimba, mkewe anamlisha chapati iliyolowekwa kwenye chai. Mkewe aliinua macho akanitazama usoni, kisha akayatazama maandishi ya kifuani kwangu kwa muda mrefu. Msimamizi, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba mimi ndiye mtu wake bora, na kwamba mgonjwa kama huyu akianzishiwa dawa mapema hafiki hapa.

Jirani yangu alingoja msimamizi asogee.

"Siku ile mimi nakuja kwako, dawa hii ulikuwa nayo?"

Nikasema nilikuwa nayo.

"Ndani ya nyumba?"

"Kitandani," nikasema.

Nilitamani anitukane, tusi ningelibeba. Badala yake aliuliza kama vidonge vinamezwa kabla ya chakula au baada, nikamweleza, akarudia mara mbili ili asisahau. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza kwa huruma ambayo mpaka leo siwezi kuivumilia.

"Usiogope," alisema. "Kule nyumbani mimi haiwezi kuambia mtu kazi yako."